UZI: Umeme ukikatika, linda hewa ya tangi la samaki kwanza, hita na filta vitasubiri

Pezi_Refu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila umeme unapokatika kwa muda mrefu, humu yanafumuka maswali yaleyale, na majibu mengi huanzia kwenye hita au filta. Naomba niweke msimamo wangu kwa urefu tuujadili, maana samaki wengi wanakufa huku mwenye tangi akihangaikia kitu ambacho kingeweza kusubiri hadi kesho.

Kinachoua saa za mwanzo ni upungufu wa oksijeni. Kinachomaliza waliobaki, mara nyingi, ni filta iliyojiwasha ghafla umeme uliporudi. Baridi inafuata kwa mbali. Njaa haimo kabisa.

Tuanze na maji yenyewe. Maji yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 20, yakishiba hewa hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 25 ni kama 8.3, na kwenye nyuzi 30 ni kama 7.5. Hiyo ndiyo akiba yote, na tangi lako huenda halikuwa limeshiba hata kabla umeme haujakatika. Wanaoila si samaki peke yao. Bakteria wa kwenye changarawe, mimea gizani, chakula kilichobaki, kinyesi kinachooza, wote wanachota humohumo.

Oksijeni inaingilia wapi? Kwenye uso wa maji. Yale mapovu ya pampu ya hewa yenyewe huchangia kidogo. Kazi yake kubwa ni kuyainua maji ya chini yaje juu yakutane na hewa. Maji yakitulia tuli, oksijeni huteremka chini taratibu mno, kwa sababu ndani ya maji husambaa takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyosambaa hewani. Ndiyo maana unaweza kuwa na maji mazuri juu na samaki wanaotweta chini.

Kwa hiyo umbo la tangi lina uzito kuliko idadi ya lita. Chukua tangi la sentimita 60 kwa 30 lenye kina cha 36, na jingine la 30 kwa 30 lenye kina cha 72. Yote yana lita 65 hivi. La kwanza lina uso wa sentimita za mraba 1,800, la pili 900. Lile refu linapendeza sebuleni, lakini umeme ukikatika lina mlango nusu ya mwenzake, na ukilijaza samaki kwa kufuata lita umejiwekea mtego.

Sasa, umeme umekatika. Fungua kifuniko. Usilishe. Kama unaingiza kabonidioksaidi kwa ajili ya mimea na valvu yake haijifungi umeme unapokatika, funga mtungi sasa hivi, usisubiri. Kama uso una utando wa mafuta, laza karatasi ya jikoni juu ya maji kisha uiondoe, utando utaondoka nayo; ule utando unaziba njia ya hewa kuliko watu wanavyodhani. Kama chumba kina dirisha na ni mchana na una mimea mingi, fungua pazia, mimea itakufanyia kazi. Usiku mimea hiyohiyo ni walaji, kwa hiyo tangi lenye msitu wa mimea lisikupe usingizi.

Kisha kaa utazame. Samaki wakiwa wametulia mahali pao, matamvua yanakwenda kwa mwendo wa kawaida, huna haja ya kugusa kitu. Wakianza kupanda juu na kuchomoza midomo, au matamvua yakienda mbio, chukua jagi safi lisilowahi kuonja sabuni, chota maji ya tangi na uyamimine tena humohumo kutoka juu kidogo, yapige uso kwa kishindo. Dakika tano za kuchota na kumimina, kisha pumzika, kisha rudia kulingana na wanavyoonekana. Chota kutoka chini ukiweza. Usimimine juu ya changarawe ukatibua uchafu uliolala, maana uchafu ukitibuka unakula oksijeni uliyoitafuta kwa jasho.

Hayo ni ya giza. Sasa ya mwanga, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya nianzishe uzi.

Wenye filta ya nje iliyofungwa, ile ya kanista, sikilizeni. Ndani ya kanista maji hayana pa kukutana na hewa. Bakteria wanaogeuza amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati (Nitrosomonas, Nitrospira na wenzao) wanahitaji oksijeni. Pampu ikisimama, wanaimaliza ile iliyomo kwenye chombo, tena wamezungukwa na uchafu wote ambao filta imekuwa ikiukusanya. Baada ya hapo nafasi inashikwa na bakteria wasiohitaji oksijeni, na hao huacha maji yenye harufu ya yai bovu, yaani haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Umeme ukirudi usiku wa manane wewe umelala, pampu inajiwasha na kuusukuma mchanganyiko huo wote tangini. Asubuhi unakuta maafa, unasema umeme ulikatika muda mrefu mno. Kumbe walikuwa wamevuka salama.

Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa kanista kwenye soketi. Uiwashe wewe mwenyewe, ukiwa macho. Kama ni nusu saa au saa moja, rudisha tu. Kama ni saa nyingi, ifungue kwanza, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji na vyungu vyake (vile vipande vya kauri wanamokaa bakteria) kwenye ndoo yenye maji ya tangi, jaza maji ya tangi, ndipo uwashe. Usisuuze kwa maji ya bomba yenye klorini. Utawaua bakteria walionusurika.

Na kama unajua giza litakuwa refu, usiwaache bakteria ndani ya kopo. Toa sponji na vyungu, vitie kwenye wavu, vining'inize ndani ya tangi karibu na uso. Hapo watapata hewa ileile unayowatafutia samaki.

Karibuni.

Mfugaji_Mpya

Asante sana mkuu. Swali la haraka: nina saa ngapi kabla samaki hawajaanza kufa? Tangi langu ni la lita 65, umbo la kwanza ulilolitaja.

Pezi_Refu

Ndugu yangu, anayekutajia saa bila kujua una samaki wangapi anakubahatishia. Tangi lenye samaki wachache wadogo, maji safi, joto la wastani, linaweza kulala usiku mzima bila pampu na asubuhi likawa salama. Tangi hilohilo likijazwa samaki wakubwa, likiwa na joto la nyuzi 30 na chakula cha jioni bado kinaoza chini, linaweza kuanza kutaabika ndani ya saa chache. Joto linakubana pande mbili: maji yanabeba oksijeni kidogo, na mwili wa samaki unaidai zaidi.

Wasome wao. Na angalia kwanza wale wakubwa. Oksijeni ikipungua, mara nyingi wakubwa ndio hutangulia kuzidiwa, wadogo wanaendelea kuogelea.

Una filta gani, na una samaki gani?

Mfugaji_Mpya

Kanista. Nina neoni tetra, korido kadhaa na gurami mmoja.

Kamongo

Hapo kwa gurami na korido una nafuu. Gurami na beta wana kiungo maalumu kichwani, labirinthi, wanavuta hewa ya juu moja kwa moja. Korido naye humeza hewa na kuifyonza kwa utumbo. Kambare na kamongo ni jamii nyingine za kupumua hewa. Hawa wote wanaweza kukaa kwenye maji ambayo neoni asingeyaweza.

Lakini jihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kujaza tangi hadi ukingoni kisha kuweka kifuniko: wanahitaji nafasi ya hewa juu. La pili ni kuwatumia hao kama kipimo. Korido akipanda juu kumeza hewa mara mojamoja ni tabia yake ya kila siku, haimaanishi maji yamechoka. Akianza kupanda kila mara, hapo sikiliza. Na gurami akionekana mzima, neoni anaweza kuwa hoi. Kipimo chako ni neoni.

Kuhusu samaki wa dhahabu, kuna watu wanawaona wagumu kuliko wote, na kweli mwili wao una jambo la ajabu: oksijeni ikiisha wanaweza kuendesha mwili bila oksijeni na kutoa pombe, ethanoli, badala ya kujijaza asidi ya laktiki. Njia yenyewe ndani ya seli ilielezwa kwa kina mwaka 2017. Ila ujanja huo unamfaa samaki aliye kwenye maji ya baridi kali chini ya barafu. Kwenye maji ya nyuzi 26, na uchafu mwingi anaoutoa, samaki wa dhahabu ni miongoni mwa wa kwanza kulichafua tangi. Msimtegemee kwa hilo.

Fundi_Betri

Wakuu, naomba nishike upande wa umeme, maana naona watu wanafikiria jenereta na inveta kubwa kwa kazi ya wati tatu.

Orodhesha vitu vya tangi kwa ulaji wao. Hita ni wati 100 hadi 200 au zaidi. Taa ni wati makumi. Pampu ya filta ni wati kama 5 hadi 20. Pampu ndogo ya hewa ni wati 2 hadi 5, na zile za USB ni wati 1 hadi 2. Kitu kinachookoa maisha ndicho kinachokula kidogo kuliko vyote. Hii ni bahati kubwa, tuitumie.

Inveta yenyewe hula umeme hata kama hujachomeka kitu. Inveta nyingi hula wati kadhaa kwa kukaa tu zimewashwa, kwa hiyo ukiiwashia pampu ya wati 3, nusu ya betri au zaidi inaishia kwenye inveta. Achana nayo kwa kazi hii. Tafuta pampu inayokula umeme wa betri moja kwa moja, ya volti 5 au volti 12.

Hesabu ya pawa benki: ile ya mAh 10,000 imehesabiwa kwa seli za volti 3.7, kwa hiyo ndani kuna wati-saa 37, si 50. Toa upotevu wa kupandisha volti, tuseme zinabaki 28. Pampu ya USB ya wati 1.5 itakwenda zaidi ya saa 18. Usiku mzima na asubuhi yake. Jambo moja la kuangalia: baadhi ya pawa benki hujizima zikiona kinachochotwa ni kidogo sana. Ijaribu mchana, iache ifanye kazi saa kadhaa, usije ukaigundua tabia hiyo usiku wa shida.

Betri ya risasi ya volti 12, Ah 7, ina wati-saa 84. Ya namna hiyo usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Zinabaki 42. Pampu ya volti 12 ya wati 3 inakwenda saa 14. Ukiwa na sola ya kuichaji mchana, umemaliza habari ya hewa.

Zipo pia pampu za betri kubwa za tochi, na nyingine zinakaa zimechomekwa ukutani, umeme ukikatika zinajiwasha zenyewe. Hizo zinamfaa mtu asiyeshinda nyumbani. Hakikisha betri zake hazijavuja. Badilisha hata kama hukuzitumia.

La mwisho, na hili ni la usalama: pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji, au mpira wake uwe na valvu ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikizimika ikiwa chini, maji yanaweza kurudi kwa mpira hadi sakafuni, au hadi kwenye pampu yenyewe.

Pezi_Refu

Fundi, hapa umenikata kiu. Naongezea kitu kimoja kinachokamilisha hesabu yako: filta ya sponji. Inaendeshwa na pampu ya hewa tu. Ukiwa na sponji moja imekaa kona ya tangi siku zote, hata kama una kanista kubwa nje, umeme ukikatika unahamishia mpira kwenye pampu ya betri na kwa wati hizohizo 2 unapata hewa na filta iliyo hai, yenye bakteria wake tayari. Kwangu mimi kila tangi lina sponji. Haipendezi machoni, najua. Naificha nyuma ya mmea.

Sharti ni ikae humo muda wote. Sponji mpya uliyoitoa dukani usiku wa giza itakupa hewa, lakini bakteria haina.

Dada_Neoni

Pezi, nakubaliana na hewa, ila habari ya baridi "kufuata kwa mbali" naipinga. Hiyo ni kauli ya mtu anayeishi kwenye joto. Sisi wa sehemu za baridi tangi la lita 40 linaweza kuporomoka nyuzi kadhaa kwa usiku mmoja. Mwenye diskasi, ambao wanataka nyuzi 28 hadi 30, au mwenye vifaranga, ukimwambia baridi isubiri unamwambia azike.

Pezi_Refu

Dada, hoja yako ina uzito na naipokea kwa diskasi na vifaranga. Kwa wengine nabaki na msimamo, na sababu ni hii: maji yakipoa taratibu, yanabeba oksijeni zaidi na samaki wanahitaji kidogo. Baridi ya kiasi inawasaidia kuvuka giza. Samaki wengi wa joto watavumilia kushuka hadi nyuzi 20 hivi kwa muda mfupi, mradi washuke polepole. Ninachokiogopa ni mtu kuingiwa na hofu akamimina sufuria ya maji ya moto tangini. Huo mruko ndio unaoua.

Dada_Neoni

Sawa, hapo tumekutana. Basi acha niseme jinsi ya kulinda joto bila kuziba hewa, maana hapo ndipo watu wanapogonganisha mambo mawili: wanafunika tangi zima kwa blanketi, juu hadi chini, samaki wanabaki na joto na hawana pa kupumulia.

Zungushia pande nne, na chini kama unafikia. Blanketi, mfarishi, karatasi ya mapovu, maboksi yaliyokunjuliwa, chochote kinachoshika hewa katikati. Juu acha wazi, au funika nusu tu. Tangi kubwa halina haraka. Maji mengi hupoteza joto polepole kwa sababu uso wake ni mdogo ukilinganisha na ujazo. Anayepaswa kukimbia ni mwenye tangi dogo.

Ukihitaji kupasha, chemsha maji kwa gesi, yaache yapungue ukali, yatie kwenye chupa za plastiki ngumu, funga barabara, zielee tangini. Kabla ya hapo punguza maji kidogo ya tangi, chupa zitayapandisha. Weka kipimajoto karibu na lenga kupanda nyuzi 1, si zaidi ya 2, kwa saa. Na usiwahi kuiacha bila mtu.

Wenye shida ya joto kali njia ni ileile kinyume chake: chupa ya barafu iliyofungwa, moja, ikiyeyuka ubadilishe. Feni ndogo ya betri inayopuliza uso wa maji hufanya makubwa pia. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kilojuli kama 2,400. Kwa tangi la lita 100, kama joto lote hilo lingetoka kwenye maji, ni karibu nyuzi 6. Na upepo huohuo unatikisa uso. Maji yaliyopungua utayajaza baadaye kwa maji yasiyo na klorini.

Tumbawe

Kwa wa maji chumvi: hesabu ya Pezi ya mwanzoni ishusheni. Maji ya bahari kwenye nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 6.7 tu za oksijeni kwa lita. Tangi la matumbawe limejaa viumbe vinavyopumua hadi ndani ya mawe yake, na wengi tunategemea pampu za mkondo kwa kila kitu. Sisi hatuna anasa ya kukaa kutazama. Pampu ya mkondo yenye betri yake ya akiba ni kitu cha kununua kabla ya tumbawe la kwanza.

Wenye sampu (lile tangi la pili la filta) chini ya tangi, jaribuni hili leo umeme ukiwepo: zimeni pampu ya kurudisha maji kwa makusudi na mtazame. Maji yatateremka hadi mdomo wa bomba la kurudishia au tundu la kukatia mvuto litakapopata hewa. Sampu iwe na nafasi ya kuyapokea yote. Lile tundu huzibwa na mwani na konokono, lisafisheni mara kwa mara. Mafuriko ya sakafuni yanatoka hapo.

Kamongo

Naomba kuongezea kuhusu watu wanaobadilisha maji mengi umeme ukikatika wakidhani wanaleta hewa. Kubadilisha robo ya maji kunasaidia kama samaki wameanza kuzidiwa na hakuna njia nyingine. Maji yawe ya joto lilelile na yatiwe dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Msizidishe dawa, baadhi ya dawa hizo zikizidi huila oksijeni yenyewe. Na kama bomba lenu hutegemea pampu ya umeme, wekeni ndoo za maji yaliyotulia mapema.

Pia, jenereta isiwekwe ndani ya nyumba wala kwenye baraza iliyofungwa. Moshi wake huua watu, na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba hichohicho na kuipeleka kwenye maji. Vivyo hivyo dawa ya wadudu ya kupuliza: isitumike chumbani humo pampu ikifanya kazi.

Mfugaji_Mpya

Wakuu, huku giza lilishika tangu jana jioni. Nilifuata ya kwenye uzi: kifuniko wazi, sikulisha, nimechota na kumimina usiku neoni walipoanza kupanda juu. Wote wako hai. Umeme umerudi muda si mrefu. Kanista nilikuwa nimeichomoa, bado haijawashwa. Nimefungua klipu moja, inanuka. Nifanyeje?

Pezi_Refu

Hongera sana, umewavusha. Sasa nenda taratibu.

Usiiwashe. Hamisha kanista mbali na tangi, mwaga maji yake yote chooni. Chota ndoo ya maji ya tangi, suuza sponji na vyungu humo kwa kukamua, si kwa kusugua hadi viwe vipya. Maji yakiwa meusi, yamwage, chota mengine, rudia mara moja. Mipira ya kanista nayo imeshika maji yaleyale, imwage. Kisha jaza maji ya tangi na uwashe, ukiwa umeelekeza mdomo wa maji yanayorudi kwenye uso yapasue pasue. Maji ya kwanza yanayotoka yaelekeze kwenye ndoo kama mpira wako unaruhusu.

Hita: kabla ya kuichomeka hakikisha imezama yote. Umechota maji ya kusuuzia, kiwango kimeshuka, na hita ya kioo ikiwaka nje ya maji hupasuka.

Ukimaliza pima amonia, nitriti na pH (kipimo cha asidi ya maji), uweke majibu hapa.

Fundi_Betri

Na usichomeke kila kitu kwa pamoja dakika ya kwanza. Umeme unaporudi volti huyumba. Subiri dakika kadhaa utulie, kisha kimoja kimoja. Nyaya zote ziwe na tumbo linaloning'inia chini ya soketi, ili tone la maji lianguke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye plagi. Mikono mikavu, tafadhali.

Mfugaji_Mpya

Nimemaliza. Kanista inafanya kazi, harufu imeondoka. Joto limepanda hadi nyuzi 25. Amonia 0.5, nitriti 0, pH 7.6. Samaki wanazunguka kama kawaida, neoni wameshuka katikati. Wananiangalia wakitaka chakula. Niwape?

Pezi_Refu

Usiwape leo. Samaki wazima hukaa siku kadhaa bila kula na hawadhuriki, ila kila punje utakayotia itageuka amonia, na bado hujajua kama bakteria wako wote wapo.

Kuhusu hiyo 0.5: kipimo chako kinajumlisha amonia ya aina mbili. Iliyo sumu kali ni ile isiyo na chaji, na sehemu yake hutegemea pH na joto. Kwenye nyuzi 25 na pH 7 ni kama asilimia 0.6 ya jumla. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwa pH yako ya 7.6 ni asilimia 2 na kitu, yaani karibu miligramu 0.01 kwa lita. Si ya kukutoa jasho. Ila kumbuka usiku kabonidioksaidi ilijikusanya kwenye maji na kushusha pH. Sasa uso unatikisika, gesi inatoka, pH inapanda, na sumu ya amonia ileile inapanda nayo. Kwa hiyo usingoje iongezeke.

Badilisha asilimia 30 ya maji leo, ya joto sawa, yaliyotiwa dawa ya klorini. Pampu ya hewa iache ifanye kazi hata kama kanista inatosha. Bakteria wanaojijenga upya wanataka oksijeni. Pima tena kesho asubuhi na jioni. Amonia ikirudi 0.5 au zaidi, badilisha tena kiasi hichohicho. Nitriti ikijitokeza, chumvi ya kawaida husaidia, kwa sababu kloridi hushindana na nitriti kuingia kupitia matamvua. Ila una korido na neoni, wasiopenda chumvi nyingi, kwa hiyo kwako kubadilisha maji ndiyo njia ya kwanza.

Amonia na nitriti zikisoma 0 siku mbili mfululizo, walishe kidogo, nusu ya kawaida, na uendelee kupima wiki nzima.

Mfugaji_Mpya

Nimekuelewa. Ndoo ya maji naiandaa sasa. Na sponji je, niitie tangi hilihili au nisubiri vipimo vitulie?

Pezi_Refu

Itie leo. Iweke upande wa pili, mbali na mdomo wa kanista, uipe wiki 4 hadi 6 ishike bakteria. Katika muda huo usiisuuze, hata ikionekana chafu.